Madigadi "ya kufunga tu"

Juzi boksi jingine limeingia karakana. Ndani yake madigadi ya mbele ya MGB, lile gari dogo la michezo la zamani la Kiingereza, upande wa kushoto, mpya kabisa, bado ina rangi nyeusi iliyotoka nayo. Mwenyewe aliilaza juu ya benchi langu taratibu kama analaza mtoto mchanga, akajifuta mikono, kisha akasema maneno ambayo siku hizi nayasikia hata usingizini: "Fundi, hii ni ya kufunga tu."

Sikumjibu. Namjibu hapa, maana nikimjibu ana kwa ana nitapoteza mteja.

Kufunga si kazi. Kwenye MGB madigadi ya mbele inashikwa na bolti kweli, tofauti na ya nyuma ambayo imechomelewa. Mtu mwenye spana na subira ataifungua, isipokuwa bolti za karibu na nguzo ya kioo zikatike, na huwa zinakatika. Kazi inaanza pale unapoisogeza ile mpya mahali pake na kugundua kwamba nafasi kati yake na mlango ni milimita 3 juu, milimita 7 chini, na katikati bati limejitokeza nje kuliko mlango. Hapo ndipo simu zinapoanza: "Nimeuziwa feki?"

Hujauziwa feki. Magari haya yalitengenezwa enzi ambazo paneli mbili zilizotoka kwenye mashine moja siku moja hazikuwa pacha. Kiwandani walikuwepo watu wenye nyundo ya mbao, tupa na moto, na kazi yao ilikuwa kulazimisha mlango, madigadi na boneti za gari moja zikubaliane. Kwa hiyo paneli zilizoko kwenye gari lako zimezoeana kwa karibu miaka 50 au zaidi. Ile ya kwenye boksi haijawahi kuonana na mlango wako. Hata ikiwa imekandamizwa kwa vifaa vya awali vya kiwandani, vifaa hivyo vimetumika kwa miaka mingi. Ikiwa imenakiliwa kutoka kwenye gari jingine, imenakili na makosa ya gari hilo. Mimi paneli mpya naihesabu kuwa malighafi yenye umbo zuri, basi.

Sasa utaratibu, na hapa naomba usiruke mistari. Gari liwe limesimama kwa uzito wake, kwenye magurudumu au limeegemezwa pale uzito unapokaa kwa kawaida. Anza na mlango. Bawaba zisiwe na mchezo hata kidogo. Shika mlango kwenye ncha uunyanyue, ukisikia "tk", simama hapo hapo urekebishe bawaba kwanza. Funga raba za mlango, maana raba mpya husukuma mlango nje na watu huwa wanazikumbuka baada ya rangi. Panga mlango na madigadi ya nyuma, kwa sababu ile haisogei. Kisha madigadi ya mbele ifuate mlango. Boneti ya mwisho. Anayeanza na boneti kwa sababu ndiyo inayoonekana, atarudi mwanzo mara tatu. Na haya yote yafanyike kabla hujang'oa wala kukata cha zamani kisichobidi kung'olewa: pima nafasi zilizopo, ziandike, piga picha.

Kwa sili ni mbaya zaidi. Sili ni lile boksi la bati linalopita chini ya mlango, na MGB haina chasisi ya kujitegemea, kwa hiyo hilo boksi ndilo linalozuia gari lisipinde katikati. Bati la nje la sili linaingia ndani ya madigadi ya mbele na nyuma ya ile ya nyuma, yaani huwezi kulibadilisha kihalali bila kufungua mbele na kukata kidogo nyuma. Ndiyo maana kuna wanaobandika kipande kinachoonekana tu, juu ya kutu, wakapaka rangi, wakauza. Nimefungua sili moja nikakuta ya pili ndani yake, na ndani ya hiyo vumbi jekundu tu. Tatu kwa moja.

Nisijifanye malaika. Miaka yangu ya mwanzo nilikata sili ya gari la wazi likiwa juu ya jeki, bila kuweka bomba la kuunganisha nguzo ya mbele ya mlango na ya nyuma. Nilichomelea vizuri sana, mstari safi. Nilipolishusha, mlango uliokuwa ukifungwa kwa kidole ukahitaji goti. Nikakata yote nikaanza upya, kwa gharama yangu. Tangu siku hiyo uwazi wa mlango hauguswi kabla ya bomba kukaa.

Turudi kwenye ile madigadi ya zamani ambayo mwenye boksi anataka niitupe. Ina bonyeo karibu na taa na kutu ukingoni, chini, pale matope yanapojikusanya. Ubaya wote ni ukubwa wa viganja viwili. Asilimia kubwa ya bati ni nzima na, nasisitiza, inaufahamu mlango. Kutu nakata, nashona kipande kipya ukingo kwa ukingo. Sipandishi bati juu ya bati, kwa sababu maji yatakaa kati yake na tutaonana tena. Nachomelea kwa nukta, moja hapa, nyingine mbali, naacha zipoe. Mwenye haraka akivuta mstari mmoja mrefu, bati litakunjamana kama kitambaa kilichoshonwa kwa uzi uliovutwa. Sababu ni kwamba moto hutanua bati, lakini bati baridi la pembeni linaizuia sehemu hiyo isitanuke, hivyo inajikusanya. Ikipoa inakuwa fupi kuliko ilivyokuwa. Dawa yake ni kugonga mshono wenyewe juu ya chuma cha mkononi, kile kinachoshikwa upande wa pili wa bati, ili urefuke tena.

Na bonyeo? Hapa ndipo "wanyooshaji" wananichosha. Kugonga si kunyoosha. Ukigonga bati likiwa limebanwa moja kwa moja kati ya nyundo na chuma, linakuwa jembamba na kutanuka. Gonga sana, utapata bati linalobonyea na kurudi kwa mlio wa "pok" kama kifuniko cha kopo. Kijana ataona bado halijakaa, ataongeza nyundo, na pok inakua. Bati hilo limezidi, linahitaji kupunguzwa: nukta ya moto ya ukubwa wa sarafu hadi iwe nyekundu, gusa kidogo kwa nyundo, acha ipoe, sikiliza. Mara nyingi bonyeo lenyewe halikuhitaji hata hivyo. Weka chuma chini ya bonde, gonga kilima kilicho pembeni yake, na vyote viwili vinaenda nyumbani pamoja. Macho yasikudanganye. Weka kitambaa chepesi chini ya kiganja, fumba macho, pitisha polepole kwa urefu. Kiganja kinahisi kilima ambacho jicho litakiona siku rangi ikishang'aa, yaani kwa kuchelewa.

Alumini ni mnyama mwingine. Haibadiliki rangi kabla ya kuyeyuka, kwa hiyo nikiipasha moto ili ilainike napaka kwanza sabuni ya kipande. Ikigeuka kahawia iliyokolea naondoa moto. Na ukiwa na Austin-Healey 100 au 3000, kumbuka paneli za katikati, mbele na nyuma, ni alumini, na madigadi ni chuma. Zikigusana penye unyevu, alumini inaliwa. Lazima kuwe na kitu cha kuzitenganisha. Porsche 911 za kuanzia 1976 zina bodi ya chuma kilichopakwa zinki. Futa zinki hiyo kabla ya kuchomelea, moshi wake utakupa homa usiku.

Puti, ile ya kujazia mabonde kabla ya rangi? Safu nyembamba juu ya bati lililokwisha kunyooka, sina ugomvi nayo. Viwanda vyenyewe vilijaza maungio kwa risasi iliyochanganywa na stani. Mimi bado naitumia risasi kwenye maungio, naisawazisha kwa tupa wala siisagi kwa grenda kwa sababu ya vumbi lake. Lakini ukweli ni kwamba tindikali ya kusafishia ikibaki chini yake, rangi inavimba baada ya miezi, na imewahi kunitokea. Kuna siku najiuliza kama puti nzuri isingekuwa salama zaidi, na kama ninachotetea ni kazi au fahari.

Swali ambalo sijalimaliza mpaka leo ni la mpaka: ni wakati gani wa kuacha kuokoa? Kutu ikiingia kwenye mikunjo ya ndani, pale bati mbili zinapokutana, naona nikishona leo nitashona tena. Nimewahi kutumia wiki tatu kwenye paneli ambayo fundi mwenye akili angeibadilisha siku ya pili. Nimewahi pia kubadilisha moja na kuijutia kila nilipoliona gari lile, kwa sababu mkunjo wake wa juu ulikuwa mkali kidogo kuliko wa upande wa pili. Mwenye gari hajauona. Mimi nauona.

Kuhusu mwenye boksi, nimemwambia aje Jumamosi. Nitaifunga ile madigadi yake mpya kwa bolti nne, bila kugusa kitu, nimpe kipimo cha nafasi mkononi apime mwenyewe juu na chini. Nadhani ukingo wa chini wa hiyo mpya utanifaa sana: ndio nitakaoukata kuushona kwenye ya zamani.