Rangi ya biti ya rauta haikati mbao

Wapo mafundi wa fanicha Nairobi, kuanzia Gikomba hadi Ngong Road, wanaoamini kwamba biti ya rauta (kikatio kinachofungwa kwenye rauta, mashine ya kuchonga kingo na mifereji ya mbao) yenye rangi ya dhahabu au nyekundu inayong'aa ndiyo imara.

Lakini rangi ya mwili wa biti huzuia kutu na utomvu kuganda, na huwa pia alama ya mtengenezaji. Kinachokata, kwenye biti nyingi, ni vipande vya kabaidi (metali ngumu kuliko chuma) vilivyolehemiwa kwenye chuma. Hivyo ndivyo vya kukagua, na muuza hadwea mwema hatakukataza kuifungua pakiti.

Tazama unene wa kabaidi: ikiwa nyembamba, hainoleki mara nyingi. Mshono wa kulehemu usiwe na matundu, maana kipande kikichomoka mashine ikizunguka mara 20,000 kwa dakika, jicho liko hatarini. Makali yawe laini, bila mapengo. Kisha viringisha shina, yaani sehemu inayoingia kwenye mashine, juu ya kioo, likiyumba, liache. Pima kipenyo pia: inchi robo ni milimita 6.35, hivyo shina la milimita 6 halibanwi sawasawa na koleti (kibanio cha rauta) ya inchi robo.

Kwa MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi), chagua kabaidi. Gundi yake hufubaza chuma cha kawaida upesi.