Mtoto anachambua mchicha kwenye wali: maswali ya wazazi wa chekechea

Nalea watoto wa chekechea hapa Dar, wa miaka 2 mpaka 5, na swali la mboga naulizwa kuliko hata la kikohozi.

Alikuwa anakula kila kitu, kafika miaka miwili hataki mboga. Anaumwa?

Mara nyingi ni umri tu. Kwenye miaka 2 hivi watoto wengi wanaanza kuogopa chakula wasichokizoea, halafu uchungu wanausikia kuliko sisi, yaani ule mnafu unaoufaidi wewe kwake ni dawa ya malaria.

Nimpe mara ngapi ndo nikubali hapendi?

Mara 8 mpaka 15, wengine zaidi, ila wengi wetu ya 3 tu tushasusa. Kijiko kimoja cha chai pembeni ya wali kinatosha, akilamba sawa, akitema sawa, keshokutwa kinarudi bila maneno. Nilikuwa na mmoja anachambua mchicha jani moja moja anaupanga ukingoni mwa sahani kama anaanika dagaa, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, siku hiyo namuona kachukua jani, kaangalia huku na huku kama mwizi, kalitia mdomoni, na mimi nikajifanya naokota kijiko.

Dada anambana pua ndo ameze, si bora yaingie tu?

Jamani hapana! Anaweza kupaliwa, na akiona sahani kesho analia kabla hujaiweka chini. Ile ya "maliza mchicha nikupe pipi" nayo siipendi, hapo umeshamwambia mwenyewe kwamba mchicha ni adhabu.

Sasa kinachosaidia nini?

Njaa kwanza. Mtoto kanywa juisi na biskuti saa 5, saa 6 na nusu unamwekea matembele, unategemea nini? Halafu mwalimu akae mkekani ale chakula hichohicho, na yule mchaguzi umkalishe karibu na mlaji mzuri, maana watoto wanaigana balaa. Nazi au karanga za kusaga zinapunguza uchungu na mafuta yake yanasaidia mwili kufyonza vitamini A. Bamia ukiikata kwa upana inatoa nyota, na hizo nyota zimenisaidia kuliko mahubiri yangu yote. Karoti mbichi usikate vile viduara, vinakaba koo, chemsha ilainike au ikwangue.

Nikisaga nikaficha kwenye supu?

Siku mojamoja sawa, ila asichokiona hatakizoea, kwa hiyo weka na nyingine anayoiona.

Lini nimpeleke kliniki?

Uzito hausogei au unashuka, anapaliwa kila akila kigumu, viganja vimekuwa vyeupe, anakula udongo au mkaa. Hayo siyo maringo tena, anaweza kuwa na upungufu wa damu, akapimwe. Kama uzito unapanda na anacheza, basi embe na papai vimshikilie wakati mchicha unazoeleka. Na ukienda usisahau kadi nyumbani.