Chanjo ya sotoka haitibu upele wa kondoo

Tangu Kampeni ya Kitaifa ya Chanjo na Utambuzi wa Mifugo izinduliwe Bariadi, Tanzania, mwezi Juni 2025, wafugaji wanaoleta kondoo kuchanjwa sotoka ya mbuzi na kondoo (PPR) na kuvishwa hereni za utambuzi hutuonyesha pia kondoo anayejisugua kwenye nguzo mpaka damu inatoka, masikio yamejaa magamba na ngozi ya kuzunguka macho na midomo imekuwa nene na kupasuka. Akirudi nyumbani na kuona hali haijabadilika, mfugaji huyo analalamika kwamba chanjo ni mbovu. Chanjo si mbovu. Sotoka huletwa na virusi, na upele huletwa na utitiri, yaani wadudu wadogo sana wa ngozi. Hakuna chanjo ya upele inayouzwa kwa ajili ya kondoo, na mtu akikuuzia sindano mnadani kwa jina hilo, toa taarifa kwa afisa mifugo.

Utitiri unaotusumbua ni wa aina mbili. Sakoptesi huchimba ndani ya ngozi na kutaga humo, na huanzia mahali penye manyoya machache: midomo, pua, masikio, kuzunguka macho. Kondoo wetu wengi wa asili ni wa nywele, si wa sufu, kwa hiyo aina hii ndiyo ya kushukiwa kwanza. Soroptesi hukaa juu ya ngozi, hujificha chini ya sufu, na uchafu wake ndio unaoamsha muwasho mkali. Wenye kondoo wa sufu maeneo ya baridi, pamoja na waliochanganya damu na Dorper (aina ya kondoo wa nyama), wachunguze mgongoni na mbavuni kwa kufunua manyoya kwa mikono.

Soroptesi hukamilisha kizazi ndani ya siku 10 hadi 14, Sakoptesi ndani ya wiki mbili hadi tatu. Kondoo aliyeambukizwa anaweza kukaa wiki kadhaa akionekana mzima huku akiwagawia wenzake. Ndiyo maana tunasisitiza, na tutaendelea kusisitiza: kumtibu yule anayejikuna peke yake ni kupoteza fedha. Kondoo wote watibiwe siku moja, wakiwemo wana-kondoo, dume la kuazima na wale watatu walioachwa kwa shemeji. Kama mbuzi wanalala zizi moja nao, mweleze mtaalamu ili nao wapangiwe dawa. Akibaki mmoja, kazi yote inaanza upya.

Kuhusu oili chafu ya gari, tumeeleza mara nyingi na bado tunaiona migongoni mwa kondoo. Oili chafu haiufikii utitiri uliochimba ndani ya ngozi. Inaunguza ngozi, mnyama anailamba, na sumu zilizomo zinaingia mwilini mwake. Viuatilifu vya mahindi na pamba navyo vimewahi kuua kondoo na kudhuru watu waliovipaka. Hatuna namna ya upole zaidi ya kulisema hili: acheni.

Dawa inayofanya kazi ni ivermektini ya sindano ya asilimia 1, chini ya ngozi, mililita 1 kwa kilo 50 za uzito. Kondoo wa kilo 25 anapata nusu mililita. Mara nyingi wafugaji hukadiria uzito kwa macho na dozi inakuwa pungufu, jambo linaloufundisha utitiri kuizoea dawa. Mpime mkubwa kuliko wote kwenye mzani na upange dozi kwa makundi ya uzito. Sindano ya pili hufuata baada ya siku 7 hadi 14, kulingana na lebo na aina ya utitiri. Hiyo si ya hiari. Ivermektini ya kunywesha ni ya minyoo, msiitegemee kwa upele. Maziwa ya kondoo aliyedungwa yasinywewe na nyama isiliwe kabla ya muda ulioandikwa kwenye lebo kuisha.

Josho nalo linafaa, ila si kwa kupita mbio kama tunavyopitisha ng'ombe kwa ajili ya kupe. Dawa iwe imeandikwa kwamba inaua utitiri wa kondoo, mnyama akae ndani si chini ya dakika moja, na kichwa kizamishwe mara mbili. Ogesheni asubuhi, kondoo wakiwa wamekunywa maji. Baada ya tiba wahamishieni zizi ambalo halijalaza kondoo kwa wiki tatu, kwa sababu utitiri huweza kuishi nje ya mnyama kwa zaidi ya wiki mbili penye ubaridi na unyevu.

Kondoo mpya atengwe wiki tatu hadi nne kabla ya kuchanganywa. Na hapa niwakumbushe utaratibu wa kibali, kwa kuwa wengi wanaamini hereni inatosha. Haitoshi. Kwa mujibu wa Sheria ya Magonjwa ya Wanyama Na. 17 ya 2003 na kanuni za udhibiti wa usafirishaji za 2007, mifugo husafirishwa kwa kibali kinachotolewa baada ya ukaguzi. Kibali kinataja aina na idadi ya wanyama, wanakotoka na wanakokwenda. Cha kondoo 20 hakifai kwa kondoo 27, na cha kwenda mnada wa Pugu, Dar es Salaam, hakikupeleki kwingine. Kusafirisha bila kibali ni kosa linaloweza kukufikisha mahakamani, na kondoo wenye upele wanaweza kuzuiwa njiani.

Tiba ikirudiwa na kujikuna kukaendelea, usiongeze dozi. Mwite mtaalamu akwangue ngozi pembezoni mwa kidonda, siyo katikati palipokauka, mpaka damu kidogo ionekane. Sampuli iwekwe kwenye chupa yenye kifuniko, bila spiriti, na ipelekwe kituo cha Wakala ya Maabara ya Veterinari kilicho karibu pamoja na majina ya dawa ulizokwisha kutumia na tarehe zake. Kama waliowashika kondoo nao wanawashwa mikononi au tumboni, waende zahanati na waseme wazi kwamba wamehudumia mifugo yenye upele. Sakoptesi wa kondoo huweza kumpata binadamu, na mganga anahitaji kulijua hilo kabla ya kuandika dawa.