Tindikali Haizimwi kwa Magadi

Katika karakana za Eneo la Viwanda na Kariobangi, Nairobi, wafanyakazi wengi wamerithishana imani kwamba aliyemwagikiwa tindikali apakwe magadi, na aliyechomwa na kostiki soda ya kutengenezea sabuni aoshwe kwa siki, ili kimoja kiue kingine. Imani hiyo ina chembe ya ukweli, kwani vitu hivyo hupunguzana nguvu. Lakini vinapokutana hutoa joto, na joto hilo huweza kuunguza zaidi ngozi iliyokwisha kujeruhiwa, huku dakika za thamani zikipotea katika kutafuta chupa ya siki.

Kinachotakiwa ni maji safi mengi yanayotiririka, mara moja, kwa dakika 20 au zaidi, nguo zilizolowa zikivuliwa wakati huo huo. Kemikali ya unga, kama chokaa, hupanguswa kwanza.

Kostiki ndiyo inayonitia hofu zaidi: huenda isiume sana mwanzoni, ilhali huyeyusha mafuta na protini za ngozi na kuendelea kupenya ndani, kwa hiyo majeruhi husuuzwa kwa muda mrefu zaidi na kupelekwa hospitali hata akisema amepata nafuu.