Maji ya Chumvi Si Kampaundi, Jamani

"Mama, chumvi imeshayeyuka, haionekani tena. Si imekuwa kampaundi na maji?" Wiki hii huyu ni wa tatu kuniuliza hivyo. Kijana wa mafunzo kwa vitendo, tumesimama kwenye tuta la jaruba la chumvi hapa Bagamoyo, jua la saa saba linatukaanga.

Jicho si kipimo! Kipimo ni uwiano: kampaundi ni vitu vilivyoungana kikemia kwa uwiano usiobadilika. Masika, Ruvu ikimwaga maji yake baharini, tunayoingiza majarubani yanapungua chumvi, na bado tunayaita maji ya bahari. Kiangazi yanakolea, jina lilelile. Ukiweza kuzidisha au kupunguza kimoja na kitu kikabaki kilekile, huo ni mchanganyiko. Sodiamu kloridi, yaani chumvi yenyewe, haina masihara hayo: gramu 100 zake ni karibu gramu 39 za sodiamu na 61 za klorini, iwe ya hapa au ya Uvinza. (Sodiamu inawaka majini, klorini ni sumu, zikiungana mchuzi wako una ladha. Mlisoma hayo, tusonge.)

Madini joto nayo hayaungani na chumvi. Tunanyunyizia potasiamu ayodeti, kemikali yenye madini joto hayo, inashika juu ya punje. Mfuko huu unaweza kupata nyingi, ule kidogo, ndiyo maana napima. Ingekuwa kampaundi ningelala nyumbani.

Na "chumvi hii safi, si unaona ilivyo nyeupe"? Iache wazi usiku wa unyevu, asubuhi inatoka jasho. Lawama kubwa ni ya magnesiamu kloridi iliyong'ang'ania punje, nayo ni nyeupe vilevile.

Sasa linalonisumbua mwenyewe. Ndani ya jaruba, sodiamu na kloridi hazishikani. Kila ayoni, yaani chembe yenye chaji ya umeme, imezungukwa na maji, inaelea kivyake pamoja na magnesiamu, kalsiamu na salfeti; nani wa nani hapajulikani. Ndoa inafungwa maji yakikauka: jasi (kalsiamu na salfeti) inatangulia kuganda, chumvi inafuata, magnesiamu nyingi inabaki kwenye yale maji machungu ya mwisho. Kwa hiyo nikiandika "sodiamu kloridi" kwenye fomu ya sampuli ya maji, nahisi nadanganya kidogo. Vitabu vinasema kuyeyuka kwa chumvi ni badiliko la kifizikia, yaani hakuna kitu kipya kilichoundwa, basi, ukurasa unaofuata. Mie sijaridhika.

"Kwa hiyo mama, kampaundi au mchanganyiko?"

Mchanganyiko, mwanangu. Na chota upya, chupa hiyo umeshaitia tope.