Yadi nyingi chuoni hazimhakikishii kotabeki nafasi NFL

Wengi huamini kwamba kotabeki (mchezaji anayerusha pasi) anayeongoza kwa yadi za pasi, yaani umbali ambao timu husonga kwa pasi zake, katika futiboli ya Kimarekani ya vyuo vikuu lazima agombewe na timu za NFL, ligi ya kulipwa ya mchezo huo. Case Keenum wa Chuo Kikuu cha Houston alimaliza msimu wa 2011 akiwa na jumla ya yadi 19,217 kwa misimu yake yote chuoni, rekodi ya vyuo, lakini mwaka 2012 hakuchaguliwa katika raundi yoyote kati ya 7 za drafti, zoezi la timu za NFL kuchagua wachezaji wapya. Jumla hiyo, inayostahili heshima kamili, ilichangiwa pia na mfumo wa kurusha pasi mfululizo na msimu wa ziada alioruhusiwa baada ya kuumia goti mwaka 2010, ilhali wasaka vipaji hupima pia kimo, nguvu ya mkono na ubora wa wapinzani. Nao hukosea: msimu wa 2017, Keenum aliifikisha timu ya NFL ya Minnesota Vikings mechi moja kabla ya Super Bowl, fainali ya ligi hiyo.