Hela ya ruzuku haina mjomba: dhana potofu zinazoponza vikundi vya sanaa

Mwito wa maombi ya ruzuku ukitoka, maneno huwa yaleyale. Mmoja atasema hela hizo zina wenyewe. Mwingine atasema ni za bure, tuandike chochote tutume. Wa tatu, ambaye mara nyingi ndiye mwenye kazi nzuri kuliko wote, hagusi hata fomu. Nimesoma maandiko ya miradi nikiwa upande wa waombaji, na nimeyasoma tena nikiwa upande wa wanaotoa alama. Mengi yaliyoanguka hayakuangushwa na sanaa mbovu, bali na yale ambayo mwandishi aliamini kuhusu fedha zenyewe.

"Ruzuku ni hela ya bure"

Dhana nyingine nyingi zimezaliwa na hii, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Ni kweli ruzuku si mkopo. Ukifanya ulichoahidi, hakuna atakayekuja kukudai. Tatizo lipo kwenye hilo neno "ulichoahidi". Unaposaini barua ya ruzuku unasaini mkataba wenye orodha ya shughuli, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, bajeti iliyogawanywa kwa mafungu, na haki ya mtoaji kudai fedha zilizotumika nje ya hayo. Kikundi kikichukua hela ya kukodi ukumbi kikanunulia spika bila ruhusa ya maandishi, hakuna aliyeiba, lakini gharama hiyo inaweza kukataliwa. Gharama ikikataliwa, kikundi kinailipa kutoka mfukoni mwake.

Tena fedha hazishuki zote siku moja. Kwa kawaida hulipwa kwa awamu, na awamu ya mwisho husubiri ripoti. Wafadhili wengine hulipa baada ya wewe kutumia: unatanguliza zako, unapeleka risiti, ndipo unarejeshewa. Nimeona kikundi kina barua ya ruzuku ukutani na hakina nauli ya kuwapeleka wachezaji mazoezini.

Kisha kuna mchango wa mwombaji, ambao wengi huugundua usiku wa mwisho wa kutuma maombi. Mfuko wa taifa wa sanaa wa Marekani, unaojulikana kwa kifupi kama NEA, katika ruzuku zake za miradi hudai kwa kila dola unayopewa uweke angalau dola nyingine isiyotoka serikali kuu. Programu ya Umoja wa Ulaya ya utamaduni, Creative Europe, kwa kipindi cha 2021 hadi 2027, hulipia hadi asilimia 80 ya mradi mdogo wa ushirikiano, asilimia 70 ya ule wa kati, na asilimia 60 tu ya mkubwa. Ukiutazama mpangilio huo vizuri utaona kwamba kadiri unavyoomba kikubwa, ndivyo unavyotakiwa kubeba zaidi. Habari njema ni kwamba mara nyingi mchango wako si lazima uwe fedha taslimu. Saa za wanaojitolea, ukumbi uliopewa bila malipo, vyombo ulivyoazimwa, vyote vinaweza kuhesabiwa kwa bei ya soko, mradi uwe na karatasi ya kuthibitisha. Yaani daftari la mahudhurio lenye saini lina thamani ya fedha.

"Wanapewa wanaojuana tu"

Sitadai kwamba upendeleo haupo duniani. Ila ni vizuri kujua mashine inavyofanya kazi kabla ya kuilaumu.

Uingereza, katika vita vya pili vya dunia, serikali ilianza kugharamia muziki na maigizo kupitia baraza lililoundwa mwaka 1940. Vita vilipokwisha, mwaka 1946 baraza hilo likageuzwa kuwa Baraza la Sanaa, na mwanauchumi John Maynard Keynes alikuwa mmoja wa waliolipigania. Wazo lake kuu lilikuwa jepesi: serikali itoe fedha, lakini waziri asikae kuchagua ni tamthilia ipi ipewe na ipi inyimwe. Kazi hiyo iachiwe chombo kinachosimama mbali kidogo na serikali. Kanada ilifuata njia hiyo mwaka 1957 ilipounda baraza lake. Kwa NEA, iliyoundwa mwaka 1965, maombi husomwa na jopo la watu wa fani, na sheria inataka ndani ya jopo awemo pia mtu mwenye uelewa wa sanaa lakini asiyeishi kwa kazi ya sanaa. Mjumbe mwenye maslahi na mwombaji hutakiwa kujiweka pembeni. Vigezo na uzito wake huchapishwa kabla.

Kwa nini basi majina yanajirudia? Sababu kubwa ninayoiona mimi haina uhusiano na bahasha. Taasisi kubwa ina mtu aliyeajiriwa kuandika maombi tu. Ina hesabu zilizokaguliwa, ina ripoti za miaka ya nyuma, na mara nyingi iko kwenye ufadhili wa miaka kadhaa mfululizo. Kikundi kidogo kinaandikiwa andiko na mpiga ngoma baada ya mazoezi, saa nne usiku. Huo ni ukosefu wa usawa na unastahili kupigiwa kelele, lakini dawa yake si kutafuta mjomba ofisini.

Hapa kuna jambo linalonishangaza. Watu walewale wanaoamini kwamba kila kitu ni kujuana huogopa kumpigia simu ofisa wa programu, wakidhani itaonekana ni kujipendekeza. Ofisa huyo analipwa kujibu maswali ya waombaji. Mueleze mradi kwa dakika tano kabla ya tarehe ya mwisho, muulize kama unaangukia kwenye fungu lake. Akisema hapana, amekuokolea wiki tatu.

"Kikundi kizuri kinajilipa kwa viingilio"

Mwaka 1966 wanauchumi wawili wa Marekani, William Baumol na William Bowen, walieleza kwa nini hesabu hii hukataa. Kiwanda kikipata mashine bora, wafanyakazi walewale hutoa bidhaa nyingi zaidi, na mishahara inaweza kupanda bila bei kupanda. Lakini kipande cha muziki kilichotungwa miaka mia mbili iliyopita kwa ajili ya wapigaji wanne bado kinahitaji wapigaji wanne, na dakika ni zilezile. Huwezi kukipiga na wawili, wala kukipiga kwa nusu ya muda ukasema umeongeza tija. Wakati huohuo kodi ya nyumba ya hao wanne inapanda kama ya kila mtu. Ukiachia tiketi ibebe tofauti yote, mwisho ukumbini watabaki wenye uwezo peke yao, na ndipo hoja ya fedha za umma inapoanzia.

Hilo lisikufanye uache kuuza tiketi. Majopo hupenda kuona hela inatoka kwenye vyanzo zaidi ya kimoja.

"Serikali zinamwaga mabilioni kwa wasanii"

Mwaka 2024 NEA ilitengewa dola milioni 207. Zinasikika nyingi mpaka uzigawe kwa watu zaidi ya milioni 330: kila Mmarekani anachangia senti sitini na kitu kwa mwaka mzima. Bajeti ya serikali kuu yao ni zaidi ya dola trilioni 6. Na hata hizo milioni 207, asilimia 40 ya fedha za programu, yaani zile za kugawa na si za kuendeshea ofisi, huenda moja kwa moja kwa mabaraza ya sanaa ya majimbo na ya kanda. Mwombaji anayelitazama dirisha la taifa peke yake analiacha dirisha la jimbo au la manispaa, ambalo aghalabu lina foleni fupi.

"Msanii yeyote anaweza kuomba"

Mara nyingi hawezi. Fedha za aina hii hupitia taasisi zilizosajiliwa, zenye akaunti ya benki kwa jina lake na historia ya kazi. NEA iliwahi kuwapa wasanii binafsi, lakini katikati ya miaka ya 1990 bunge lilifunga karibu milango yote hiyo, wakabaki waandishi na watafsiri pamoja na tuzo chache za heshima. Mfuko wa Kimataifa wa Anuwai za Kitamaduni, ulio chini ya UNESCO, unaweza kutoa hadi dola 100,000 kwa mradi katika nchi zinazoendelea zilizoridhia mkataba wa UNESCO wa mwaka 2005 wa kulinda anuwai za kitamaduni, lakini mwombaji ni taasisi ya umma au asasi isiyo ya kiserikali. Mchoraji mmoja mmoja hahesabiki.

Ushauri unaozunguka ni kwamba kikundi kisichosajiliwa kijifiche chini ya mwavuli wa taasisi iliyosajiliwa. Wafadhili wengine wanaruhusu. Wengine, NEA wakiwemo, hawakubali kabisa taasisi iombe kwa niaba ya kikundi kisicho na sifa. Soma kifungu cha sifa za mwombaji kabla ya kusoma kingine chochote.

"Usiandike mishahara, utaonekana una tamaa"

Hii inaniudhi kuliko zote, kwa sababu inawaumiza waaminifu. Mkurugenzi anaandika gharama za mavazi, mbao, usafiri na mabango, kisha sehemu ya watu anaiacha tupu. Anadhani ameonyesha unyenyekevu. Anayesoma bajeti hiyo anaona maonyesho ishirini yasiyo na mtu wa kuyaendesha, naye hujiuliza: je, huyu hajui gharama zake, au ameficha?

Kodi ya ofisi, umeme, mhasibu, mtu wa kufungua mlango, hizo ni gharama za kweli za mradi. Serikali ya Marekani yenyewe imelikubali hilo: mpokeaji asiye na kiwango maalumu alichokubaliana nao anaweza kuweka kiwango cha jumla cha gharama za uendeshaji, ambacho kilikuwa asilimia 10 na mwaka 2024 kikapandishwa hadi 15. Ukiziacha nje, hazitoweki. Zitalipwa na mtu fulani, na kwa kawaida ni mkurugenzi mwenyewe, mpaka siku atakapochoka.

"Ukichukua hela ya serikali umefungwa mdomo"

Ukweli wake uko katikati. Mwaka 1990, baada ya ugomvi mkubwa kuhusu maonyesho ya picha, bunge la Marekani liliagiza NEA izingatie viwango vya jumla vya staha inapotoa ruzuku. Wasanii walikwenda mahakamani, na mwaka 1998 Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo ikakiacha kifungu kibaki, kwa majaji wanane dhidi ya mmoja. Kwa hiyo kukataa kukulipa na kukukataza kufanya ni vitu viwili tofauti kisheria. Msanii anayetegemea mfuko mmoja tu, hata hivyo, anaweza asiihisi tofauti hiyo.

"Wamekukataa, basi wamekukataa"

Omba maoni ya jopo. Si kila mtoaji huyatoa, lakini wengi hutoa wakiombwa, na huja kwa lugha kavu isiyobembeleza: walengwa hawajaelezwa, ratiba haiendani na bajeti, hakuna barua ya mwenye ukumbi. Kikundi kimoja nilichokisaidia kilikuwa kimelia miezi mitatu kwamba sanaa yao haikueleweka. Maoni yalipofika, sanaa ilikuwa na alama za juu kuliko sehemu nyingine zote. Kilichowaangusha ni jumla ya ukurasa wa nne, iliyokuwa tofauti na jumla ya ukurasa wa kumi na moja, na mjumbe mmoja alikuwa ameuliza ni ipi kati ya hizo mbili waliyokuwa wanaiomba.